Pata Potea: Wiki Mbili na Fimbo Mbili za Gofu

Kwenye viwanja vya gofu, fimbo ile fupi ya kusukumia mpira shimoni tunaiita pata. Nimelisikia jina hilo tangu nina miaka tisa, na kwa muda mrefu niliamini ni Kiswahili chetu kabisa. Kisu kikali si tunasema kinapata? Shoka butu si ndilo halipati? Basi fimbo inayomaliza kazi ingeitwa nini kingine. Nilipokuja kujua kwamba ni neno la Kiingereza lililovua viatu mlangoni likaingia ndani, nilisikitika kidogo, halafu nikaona haidhuru. Aliyewahi kusimama stendi akatazama wale vijana wa karata tatu anaujua mchezo wa pata potea. Ukiwa mita mbili kutoka shimoni, mpira mmoja, watu wanne wamenyamaza wanakutazama, ndio mchezo huohuo. Tofauti ni kwamba huku mwenye karata ni wewe na anayeliwa ni wewe.

Naandika haya kwa sababu mwezi wa saba nilikaa wiki mbili na pata mbili za bei mbaya ndani ya nyumba yangu hapa Iyunga, Mbeya, na nilitakiwa kuchagua moja.

Zililetwa na shemeji. Anaishi Leeds, anacheza gofu kwenye uwanja wa manispaa ambao, kwa maneno yake, una matope kuliko shamba la mpunga la Mbarali. Zote mbili ni mitumba, zote mbili alizipata kwa watu waliozichoka, na zote mbili alizitaka bei moja: laki nane. Dukani, kitu cha namna hii kikiwa kipya kinaanzia kama dola 450, yaani milioni moja na zaidi kwa hela yetu, kabla hujamlipa yeyote bandarini. "Chagua moja, shem," akaniambia. "Nyingine inakwenda Dar kwa jamaa mmoja anacheza Lugalo. Yeye kasema lolote utakaloacha atachukua." Kisha akaenda Tukuyu kuwasalimu wazee akaniacha nazo.

Ya kwanza ilikuwa ya mtengenezaji Scotty Cameron, modeli ya Newport 2. Nyembamba, ya chuma kilichochongwa kutoka bonge moja, kona zake zimekatwa safi kama sarafu mpya. Ya pili ilikuwa ya kampuni ya L.A.B., ile modeli yao inayoitwa DF3, kichwa kikubwa chenye mgongo mpana na vijiskurubu tumboni. Mama watoto alipita sebuleni na kikapu cha nguo, akasimama, akaitazama hiyo ya pili.

"Hii mbona kama pasi ya mkaa?"

Sikuwa na jibu. Inafanana na pasi ya mkaa.

Kuhusu bei niseme jambo moja tu niendelee. Mama watoto aliigawa ile laki nane kwa bei ya mfuko wa mbolea, akapata idadi ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa watu wa nyumbani husoma. Ana haki. Mimi mwenyewe ni mpima ardhi, si tajiri, na fimbo zangu nyingine zote nilizinunua kwa hela ya viazi. Lakini mtu hutumia pata karibu kila shimo. Uwanja wa mapigo 72 umepangwa kwa hesabu ya kusukuma mara mbili kila shimo, mashimo 18, mapigo 36. Nusu ya mchezo mzima iko kwenye fimbo moja kati ya 14 unazoruhusiwa kubeba. Hoja hiyo niliipeleka jikoni ikarudishwa.

Sasa nikiri kitu: moyo wangu ulikuwa umeshachagua kabla begi halijafunguliwa. Nilikulia kwenye mashamba ya chai Mufindi, baba akiwa kiwandani, na Jumamosi nilikuwa kedi, mbeba begi la fimbo za wachezaji. Tiger Woods alipoanza kutawala dunia, sisi kedi wadogo tulimfahamu kwa magazeti ya zamani na kwa luninga moja ya klabu tuliyoitazama kupitia dirishani. Kati ya mataji yake makubwa 15, 14 aliyapata akiwa na Newport 2, chuma cha Kijerumani, kuanzia 1999 hadi mashindano ya Masters ya 2019. Taji lile la kwanza, la 1997, alitumia Scotty Cameron ya aina nyingine. Kwa hiyo kuishika Newport 2 mkononi, tena sebuleni kwangu, tena nikiwa na uwezo wa kuinunua kwa kujibana, haikuwa biashara. Ilikuwa ni kama kuambiwa uchague kati ya mchumba uliyemuota miaka ishirini na pasi ya mkaa.

Kwa hiyo nilianza majaribio yangu nikiwa hakimu aliyeshahongwa.

Jaribio la kwanza halihitaji chochote. Unalaza mpini wa pata juu ya kidole chako kimoja mpaka utulie, kama unavyopima mwiko wa ugali, halafu unatazama kichwa kinafanya nini. Newport 2 inaning'iniza ncha yake kuelekea chini. Sisi kedi ile ncha ya mbele tuliita kidole, na ile iliyo karibu na miguu yako kisigino, kama mguu wa mtu. Pata ambayo kidole chake huanguka inapenda kujifungua ukiirudisha nyuma na kujifunga ukiileta mbele, kama mlango kwenye bawaba. Pata nyingine nyingi za kichwa kikubwa, ukizilaza hivyo, uso wake, ule upande unaogusa mpira, hutazama juu mbinguni, na hizo watu husema zinapenda mwendo ulionyooka. Ile ya L.A.B. haifuati utaratibu wowote kati ya hizo. Herufi za L.A.B. ni kifupi cha Lie Angle Balance, yaani mizani ya pembe: wameipanga mizani kwa kuzingatia pembe ambayo mpini unasimama nayo unapocheza, ili kichwa kisiwe na sababu ya kujipinda upande wowote. Ukiishika kwa vidole viwili na kuiachia ibembee, uso unabaki ulipouweka. Nilibembeza mara nyingi sana. Mtoto wangu wa mwisho aliniuliza kama ni saa.

Kwa nini uso ni jambo kubwa hivyo? Hapa mpima ardhi aliye ndani yangu alichukua kalamu. Kipenyo cha shimo ni milimita 108, kwa hiyo kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Mpira unaelekea sana sana kule uso wa pata ulikotazama wakati wa kugusana, kuliko kule mkono ulikotembea. Ukiwa mita 3 kutoka shimoni na uso umekosea kwa nyuzi 1 tu, mpira utakuwa umehama sentimita 5.2 ukifika. Nyuzi 1. Kwenye theodolaiti, darubini yetu ya kupimia pembe, ningefukuzwa kazi kwa kosa la nyuzi 1, lakini kwa mkono mtupu, baridi ya mwezi wa saba, baada ya vikombe viwili vya chai, nyuzi 1 si kitu. Na hapo ndipo ukingo wa shimo ulipo.

Kwa hesabu hiyo pasi ya mkaa ilikuwa imeshaongoza. Niliikataa hesabu. Nikajiambia kwamba kuna hisia.

Wenye Newport hulizungumza sana hili. Chuma kilichochongwa, wanasema, kinakupa hisia mkononi. Unajua umegusa wapi bila kutazama. Na kweli, nilipozigonga zile mbili kwenye zulia, Newport ilitoa mlio mfupi mtamu, tik, kama kijiko cha chai kikigusa kikombe cha kauri. Ile nyingine ilitoa mlio mzito wa kubana. Nilitabasamu. Nikasema hii ndiyo hoja yangu.

Kisha nikakumbuka historia ya mlio wenyewe. Karsten Solheim, Mnorwei aliyehamia Marekani akawa mhandisi wa General Electric, alitengeneza pata gerejini kwake mwaka 1959. Ilikuwa na mikato iliyoifanya ilie kila ikigusa mpira, ping, na jina la kampuni likatoka hapo. Alikuwa mchezaji aliyekasirishwa na fimbo zake kujipinda mkononi, akaamua kuhamishia uzito kwenye kidole na kwenye kisigino, ili ukikosea katikati kichwa kisizunguke sana. Mwaka 1966 akaleta Anser, ambayo mchoro wake aliuchora kwenye jalada la santuri. Mkewe Louise ndiye aliyeshauri herufi moja ya jina iondolewe ili lienee. Ukiiweka Anser hiyo kando ya Newport 2 utaona mtu na mjukuu wake. Kwa hiyo hata mchumba wangu alizaliwa na mhandisi aliyekuwa akipambana na kujipinda. Uzuri ulikuja baadaye, ulikuwa chenji.

Nikachukua pamba ya kwenye kabati la dawa, nikaziba masikio yote mawili, nikamwita binti yangu mkubwa. Mimi nafumba macho, yeye ananikabidhi pata moja au nyingine, ananielekeza kichwa kwenye mpira, nagonga, nasema ni ipi. Mipini tuliifunika soksi pale mkono unaposhika ili nisiijue kwa mshikio. Uzito ungeweza kunisaidia kidogo, lakini mikono ilichanganyikiwa haraka. Katika mipira 20 nilipatia 11. Ukirusha sarafu unapata 10.

Nilitoa pamba. Tik. Hisia ikarudi palepale.

Sidai kwamba hisia haipo. Nasema ile niliyokuwa nakwenda kuilipia laki nane ilikuwa inaingia kwa sikio, na mama watoto, ambaye alikuwa akisikiliza mlangoni, alisema angeweza kunigongea kijiko kwenye kikombe kila nikisukuma mpira, bure.

Jumamosi nikazipakia zote mbili kwenye gari nikaenda Mufindi. Mbeya hadi Mafinga ni kilomita kama 250: Uyole, Igawa, Makambako, kisha misonobari ya Sao Hill inaanza na baridi inabadilika harufu. Mafinga unaiacha barabara kuu, unashika ya kwenda kwenye chai. Mwezi wa saba kule ukungu hauondoki, unasogea tu kumpisha mtu. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimepita kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu pale Sido, akanikatia kipande chenye mfereji, sentimita 91, akanichongea kijishimo sentimita 76 kutoka mwisho wa chini. Aliuliza ni cha dirisha gani.

Kifaa hicho ni cha kupimia kasi ya grini, yale majani mafupi yanayozunguka shimo, na kilibuniwa na Edward Stimpson, Mmarekani, baada ya kutazama mashindano ya US Open ya 1935 pale Oakmont, Pennsylvania, na kuona wachezaji wakubwa wanadhalilishwa na grini zilizoteleza. Unaweka mpira kwenye kijishimo, unainua ncha taratibu. Kwenye mwinuko wa nyuzi 20 hivi mpira unaachia wenyewe, unashuka, unabingirika, nawe unapima umekwenda futi ngapi. Unarudia kwa upande wa pili, unatafuta wastani. Grini za mashindano ya kulipwa huenda futi 10 na kuendelea. Pale Oakmont huzidi hapo sana.

Mimi na mjomba tulipima saa mbili asubuhi, umande ukiwa bado, tukapata futi 5. Saa nane mchana futi 7 kasoro.

Mjomba ndiye aliyenifundisha ukedi. Amestaafu sasa, analima viazi na ana miti yake ya kuvuna upande wa Sawala. Nilimkuta getini ananisubiri na koti la mvua.

"Kamwene, mjomba. Shikamoo."

"Kamwene. Marahaba mpwa wangu. Umeleta bunduki?"

Nikamwonyesha. Alizipokea moja moja kama mtu anayekagua jembe dukani, akapitisha kidole gumba kwenye uso, akatazama soli, hakusoma jina hata moja. Enzi zake alikuwa na pata moja tu. Kichwa alikiokota, kimevunjika shingo, mzungu mmoja alikitupa vichakani kwa hasira. Mpini aliuchonga wa muwati, akauchomeka kwenye kisigino na kuukaza kwa waya. Ndiyo niliyojifunzia. Uzito wote ulikuwa mbele, kidole kikining'inia kama ulimi wa ng'ombe. Ukitaka iende ulipotaka, ilibidi uifungue nyuma na kuifunga mbele kwa nguvu ya viganja. Siku zile hata grini za majani lilikuwa jambo la kujivunia. Viwanja vingi vya Afrika vilikuwa na brauni, mchanga uliochanganywa na oili, unasawazisha njia kwa reki kabla ya kusukuma.

Nilimweleza yote: nyuzi 1, pamba, Tiger, Solheim. Alisikiliza akiwa amechuchumaa, anang'oa majani mawili matatu. Nilipomaliza akauliza:

"Ukikosa, unakosa wapi?"

Nikasema mara kulia, mara kushoto.

"Hapana. Hujui," akasema. "Ungekuwa kedi wangu leo ningekufukuza."

Maana hiyo ndiyo ilikuwa somo lake la kwanza kwetu, nami nilikuwa nimelisahau kabisa mara tu nilipoanza kubebewa begi badala ya kubeba. Kedi hamchagulii bosi fimbo kwa kutazama shimo, anamchagulia kwa kujua bosi huyu hukosea vipi. Kuna meneja mmoja wa zamani ambaye kila mpira wa kupanda aliuacha mfupi hatua mbili. Mjomba hakumwambia kamwe. Alimwonyesha tu sehemu ya kulenga hatua mbili nyuma ya shimo, na yule mzee akaondoka Mufindi akiamini ana jicho zuri.

Chaki nilikuwa nayo kwenye gari, ya kuwekea alama. Tukaisaga, tukapaka uso wa Newport, nikasukuma mipira 50 kutoka mita 8, kila baada ya mpira mjomba anatazama alama na kuifuta. Kisha L.A.B., 50 nyingine. Hapo jua lilitoka dakika kumi, likarudi.

Mipira 34 kati ya 50 za Newport niligusa upande wa kidole. Si kidogo, mingine karibu upana wa kidole changu cha shahada kutoka katikati. Kwa hiyo sikuwa nakosa kulia wala kushoto kama nilivyojidanganya miaka yote. Nilikuwa nakosa mfupi. Mpira ukigusa kidoleni kichwa hujisukuma nyuma kidogo, nguvu inapotea, na kwenye grini ya futi 5 nguvu iliyopotea haifidiwi na kitu. Mipira ile ya kidoleni ilikufa hatua nzima kabla ya shimo. Kwa L.A.B. alama za chaki zilikuwa palepale, kidoleni, kwa kuwa mchezaji ni yuleyule. Lakini mipira ilisimama nusu kiatu kabla ya shimo. Michache ilipita.

Mjomba alieleza vizuri kuliko tovuti zote nilizosoma. Majani yakiwa mazito unapiga kwa nguvu, ukipiga kwa nguvu mkono unakwenda mbali, mkono ukienda mbali haurudi palepale ulipotoka. Fimbo nyembamba, alisema, ni ya mtu wa grini ya kioo, anayegusa tu. Hapo mimi na yeye tunatofautiana kidogo, kwa kuwa nimewaona watu wa viwanja vya polepole wakicheza vizuri mno na pata nyembamba, lakini hao hawagusi kidoleni. Na J. J. Spaun aliposhinda US Open mwaka 2025, kwenye Oakmont hiyohiyo ya Stimpson, grini yenyewe ikiwa kioo, alimalizia shimo la mwisho kwa kusukuma mpira futi 64, kama mita 20, na alikuwa na DF3. Nilimwonyesha mjomba video kwenye simu. Mtandao ulikatika mpira ukiwa njiani. Tulisubiri kama dakika mbili, mpira umesimama hewani katikati ya majani, ndipo ukaingia.

Kulikuwa na kikwazo kimoja, nami nilikishika kama mtu anayezama. Nina urefu wa sentimita 168 na ninasukuma nikiwa nimeinama sana, mikono chini, urithi wa ile fimbo ya muwati. Nikisimama hivyo, kidole cha pata kinainuka juu. Tuliingiza karatasi za risiti chini yake, zikaingia bila kugusa kitu. Newport ni chuma cha kawaida. Mtu mwenye mashine sahihi anaweza kuikunja shingo kidogo ikakae chini. Mbeya sijaiona mashine hiyo, na sikuwa tayari kumpa mchomeleaji wa mageti. L.A.B. ndiyo kabisa: mizani yake imepangwa kwa pembe ile waliyoitengenezea, ukiikunja umevunja sababu ya kuinunua. Nikamwambia mjomba basi, pasi ya mkaa haifai, haikutengenezewa mimi.

"Simama," akasema.

"Nimesimama."

"Simama kama mtu mwenye mji wake."

Nikasogea karibu na mpira, nikanyoosha mgongo, viwiko vikakunjika, nikashika mpini chini kidogo. Risiti ikakwama. Nilijiona mjinga, kama ninapigwa picha ya pasipoti. Mipira kumi ya kwanza ilikwenda kwa wachuma chai. Lakini kufikia kwenye kumi na tano niligundua kitu ambacho hakihusiani na gofu hata kidogo: kiuno hakikuuma. Miaka kumi na minane nimeinamia darubini za upimaji, na kila nikicheza gofu nilirudi nyumbani natembea kama herufi ya C. Siku ile nilisukuma mipira zaidi ya mia mbili nikapanda gari bila kushika mlango.

Nilizungusha mashimo tisa na kila moja. Sitaandika alama zangu, si kwa aibu (kwa aibu pia), ila mashimo tisa hayathibitishi kitu. Nilichokiona ni kwamba nikiwa na Newport nilitazama fimbo, na nikiwa na ile nyingine nilitazama shimo, kwa sababu hakuna mtu anayependa kutazama pasi.

Jioni tulikunywa chai kwa mjomba. Shangazi alileta viazi vya kuchemsha na chumvi ya pilipili. Nilimwambia mjomba achague moja abaki nayo, nitamlipa shemeji taratibu. Alicheka. Alisema ana pata yake, akaingia ndani akaitoa, ule mpini wa muwati umekuwa mweusi na laini kama fimbo ya mwenyekiti wa kijiji. Nikaisukumia viazi viwili sakafuni. Kidole, vyote viwili.

Jumatatu nilimpigia simu shemeji, nikamwambia naibakiza ile mbaya. Alinyamaza. Akauliza kama nimeugua. Jamaa wa Lugalo, alipoambiwa kinachomjia, alituma ujumbe wa sauti wa sekunde arobaini ambao zaidi ya nusu yake ni kicheko.

Niliifunga Newport kwa mfuko wa sandarusi, kisha kanga kuukuu, kisha boksi la taa ndefu, nikaipeleka stendi ya Nane Nane kwenye ofisi ya vifurushi. Kabla ya kufunga boksi niliitoa mara moja, nikaigonga kwa kucha. Tik.

Kijana wa kaunta alifungua daftari.

"Nini hii, mzee?"

"Fimbo."

Akaandika fimbo 1. Akaliinua boksi, akalitikisa sikioni. "Ya mganga?"

"Ya mchezo."

"Thamani?"

Nyuma yangu kulikuwa na mama mwenye ndoo tatu za parachichi na mzee mwenye jogoo kwenye kikapu, wote wawili wamesogea kusikia. Nikafikiria laki nane. Nikafikiria Tiger. Nikamfikiria mama watoto na hesabu yake ya mbolea.

"Andika elfu hamsini," nikasema.

Mzee wa jogoo akasema fimbo ya elfu hamsini ni wizi.